Bibi Salme na Hoja ya Vita vya Mapenzi

Hudaiwa mara kwa mara kwamba mapenzi ya watu wa jamii za kifalme yaweza kuwasha vita baina ya mataifa makubwa ya Ulaya. Katika Afrika ya Mashariki mfano unaotolewa ni wa Bibi Salme binti Said wa Unguja, ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Kitabu chenyewe hakilithibitishi dai hilo.

Salme alimpenda Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, na mwaka 1867 akabatizwa na kuolewa huko Aden. Mwaka 1885, akiwa mjane, alirudi Unguja wakati manowari za Kijerumani zilipomlazimisha nduguye, Seyyid Barghash, ayakubali madai yao juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Kufuatana huku kwa matukio ndiko kunakowapoteza wasomaji: wakimwona binti mfalme na manowari bandarini, hudhani kwamba manowari zimekuja kwa ajili yake.

Katika kumbukumbu hizo, kisa cha mapenzi kimepewa kurasa chache mno. Mwandishi hukaa zaidi juu ya maisha ya Beit el-Mtoni, juu ya namna alivyojifunza kuandika kwa siri, juu ya kalamu hiyo ilivyomtumikia Barghash katika njama ya 1859 dhidi ya Seyyid Majid, na juu ya urithi alioudai. Mizani hii ya maudhui ina maana. Kilichomfaa Bismarck hakikuwa huba, bali uraia: ndoa ilimfanya Salme kuwa mtu wa Ujerumani, na madai yake yakawa kisingizio cha kushikwa au kuachwa. Barghash alipokubali, yaliachwa.

Wala Uingereza na Ujerumani hazikupigana. Mwaka 1886 zilikubaliana juu ya mpaka kutoka mto Umba hadi ziwa Victoria. Mwaka 1890 Ujerumani iliukubali ulinzi wa Uingereza juu ya Unguja, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland. Subukia, iliyokuwa kaskazini ya mpaka huo, iliangukia upande wa Waingereza, na baadaye ardhi yake ikatengewa walowezi. Basi msomaji wa Subukia akikisoma kitabu hiki kama hadithi ya mahaba tu, atakuwa ameuruka mkataba uliomhusu yeye mwenyewe.