Ocean Road si barabara

Kwetu Shinyanga, ukisikia fulani kaenda Ocean Road, huulizi kama ameiona bahari. Unauliza nani kamsindikiza, na nauli wamechangishana vipi. Kwetu hilo ni jina la ugonjwa. Nilikuwa na miaka 17 nilipojua kwamba ni jina la barabara pia, na kwamba barabara yenyewe ilikuwa imeshabadilishwa jina: tangu 2013, alipokuja Rais wa Marekani, inaitwa Barabara ya Barack Obama. Jina la zamani limebaki hospitalini.

Hayo hunirudia kila nikisoma makala za matembezi kuhusu ufukwe huu wa Dar es Salaam. Nimezisoma kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na njia yao ni moja. Zinaanzia Coco Beach kwenye mihogo ya kukaanga, zinavuka Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022, zinafuata ukingo wa maji hadi karibu na Ikulu, kisha zinamalizia Soko la Feri kwa samaki, au mbele ya kanisa la Azania Front. Hospitali hairukwi. Inatajwa kama jengo: Wajerumani walilijenga 1897, na jirani yake kipo kijumba cheupe chenye kuba kinachohusishwa na Robert Koch na utafiti wake wa malaria. Picha ipigwe, safari iendelee.

Lawama yangu kwa makala hizi ni kwamba saa yao imesimama 1897. Mwaka huo hospitali ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwingine, kwenye hospitali iliyobeba jina la mfanyabiashara Sewa Haji. Tangu 1996 jengo hilohilo ni taasisi ya saratani ya nchi nzima. Mtu wa Kahama, wa Geita, wa Bariadi ameingia mlango ambao babu yake asingeruhusiwa kuukaribia. Hiyo ndiyo habari kubwa ya ufukwe ule, nayo haimo.

Mimi niliupata ufukwe kwa mlango huo. Mwanzoni mwa 2016 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kwa kuwa sikuwa na kazi nikapewa ya kumsindikiza mama mkubwa. Tulisafiri karibu kilomita 1,000 kwa basi, tukashuka Ubungo usiku, miguu yake imevimba. Tulipokewa kwa ndugu Mbagala, tukawa tunakwenda mjini kwa daladala alfajiri, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita.

Asiyewahi kusindikiza mgonjwa hudhani mionzi ni kazi ya siku nzima. Mgonjwa analala chini ya mashine dakika chache tu. Siku inayobaki ni ya kungoja: kungoja zamu, kungoja kichefuchefu kipite, kungoja jua lipungue ili daladala ivumilike. Tulikuwa tunavuka barabara na kukaa mchangani, chini ya mti. Siku ya kwanza mama mkubwa aliyatazama maji kwa muda mrefu, akayaita nyanza, kama tunavyoliita ziwa kwa Kisukuma. Nikamwambia yana chumvi. Akachovya kidole, akalamba, akacheka.

"Mwanangu, wazee wetu walitembea kwa miguu mpaka Eyasi kufuata chumvi. Kumbe huku imejaa hivi, na hakuna anayeichota!"

Hatukuwa peke yetu. Chini ya kila mti walikaa watu wawili wawili, mmoja kajifunga kanga kichwani, mwenzake kashika bahasha ya kaki. Tulijuana kwa bahasha. Kulikuwa na mama wa Tarime, kijana wa Masasi na baba yake. Waliokuwa wanakimbia mazoezi walipita katikati yetu wakiangalia saa zao za mkononi.

Kiswahili kina neno zuri kwa kinachofanyika ufukweni: kupunga upepo. Waandishi wa matembezi wanalipenda, na kwao maana yake ni starehe ya jioni, baada ya kazi. Lakini kitenzi hichohicho kimo katika kupunga pepo, yaani kumtibu mtu kilichomwingia, na kazi hiyo huhitaji ndugu wa kukaa na mgonjwa mpaka iishe. Nikiukumbuka ule mti, naona maana zote mbili zilikaa pamoja, na ni moja tu iliyoandikwa.

Sasa nasoma shahada ya uzamili hapa jijini, na Jumapili nyingine naenda kutembea kule. Umejengwa ukuta, maana bahari ilikuwa inaila barabara, na njia ya miguu ni nzuri kuliko mchanga wetu. Nausifu kwa dhati. Ila nikiupima kwa kipimo cha mama mkubwa, nauliza: saa saba mchana, mtu aliyetoka kuchomwa mionzi atakaa wapi? Kivuli ni haba, choo cha jirani ni cha kuomba, na ukuta wenyewe saa hiyo unachoma. Ni mahali palipotengenezwa kwa anayepita. Anayengoja hakufikiriwa, na yeye ndiye yupo pale kila siku ya kazi.

Kwa hiyo ninawaomba wenzangu tunaoandika: ukifika mbele ya lile jengo la Mjerumani, geuka uangalie upande wa maji. Uliokaa nao ukingoni uwahesabu pamoja na vivutio. Huenda siku moja mpanga mji akasoma, akapanda miti kumi na kuweka benchi chini yake.

Mama mkubwa aliishi miaka mitatu zaidi. Siku ya mwisho ya tiba alinituma nijaze maji ya bahari kwenye chupa ya soda ya nusu lita. Alisafiri nayo mapajani Dodoma, Singida, Nzega, bahasha ya kaki ikiwa chini ya kiti. Nyumbani aliwapanga watoto kwenye mstari, akawaonjesha kwa kifuniko. Wote walitema. Ile iliyobaki aliitia kwenye mboga za jioni.