Kipimajoto, Kihisi na Thamostati

Neno "kipimajoto" huelemewa pale mfasiri wa vitabu vya ufundi wa magari anapolitumia kwa vifaa vitatu: geji asomayo dereva, kihisi kilichozama katika maji ya injini, na thamostati inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta. Hasara yake huonekana karakanani. Fundi akiongeza ukinzani katika waya wa kihisi, kompyuta ya gari hudhani injini ni baridi, ikazidisha mafuta. Joto lenyewe halipungui hata kwa nyuzi 1. Mwanafunzi aliyefundishwa neno moja ataamini kuwa ameipoza injini, kumbe amebadili taarifa tu. Yafaa basi tutenganishe: kihisi hupeleka habari, geji huonyesha, thamostati hudhibiti.