Sentimita 25 kutoka Shingoni

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Bububu, kisiwani Unguja, anayehitaji tiba ya nyuklia amelazimika kuvuka bahari hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kipimo kamili cha unyonyaji wa iodini ya mionzi kwenye tezi ya shingo hakiishi siku moja: dozi ndogo humezwa leo, shingo husomwa baada ya saa 24. Anayebeba nauli na malazi ana haki ya kupata asilimia ya kuaminika, nami nashikilia kwamba uaminifu huo hauletwi na bei ya mashine bali na umbali kati ya kifaa na tezi.

Kipimo chenyewe ni ulinganisho. Hesabu ya miale ya shingoni, ikiondolewa ile ya pajani inayowakilisha iodini iliyobaki kwenye damu, hugawanywa kwa hesabu ya dozi kama hiyo iliyotiwa ndani ya shingo bandia ya plastiki. Sasa, tezi za watu hazilali kina kimoja. Kifaa kikiwa sentimita 10 kutoka kwenye tezi, tezi iliyozama sentimita 1 zaidi hupunguza hesabu kwa takriban asilimia 17, kwa sababu ya umbali peke yake. Kikiwa sentimita 25, kwa asilimia 7.5 hivi. Hapo ndipo kinapokwama kihesabio cha Geiger, walichokitumia watafiti Hamilton na Soley huko California karibu na mwaka 1940. Hukamata takriban mwale mmoja wa gama kati ya 100, hivyo hakina budi kusogezwa karibu, tena hakitofautishi mwale ulionyooka na uliogonga nyama ukapinda. Fuwele ya iodidi ya sodiamu hukamata mingi zaidi, na mwanga wake hulingana na nishati ya kila mwale. Mpimaji huchagua ya keV 364 ya iodini-131 na kuiacha iliyopinda.

Watasema kamera ya gama na teknesiamu-99m humaliza kazi baada ya dakika 20, mgonjwa akawahi boti ya jioni. Hoja hiyo ni nzito, na kama swali ni uvimbe upi unaofanya kazi kupita kiasi, picha haina mpinzani. Lakini tezi huidaka teknesiamu tu, haiitengenezei homoni, kwa hiyo haionyeshi iodini kiasi gani itakuwamo kesho. Hospitali inayotoa dozi moja ya tiba kwa wote haina sababu kubwa ya kumlaza mtu Dar kwa ajili ya asilimia hiyo. Inayomkokotolea kila mgonjwa dozi yake inahitaji kwanza fuwele, shingo bandia na kijiti cha kushikilia sentimita 25, kamera ifuate.