Kongole Mafundi Umeme wa Moshono

Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, ile ya lita 4.2 inayozungusha watalii mbugani, ilitoka kiwandani bila tabo. Wenye magari huifunga baadaye, pamoja na intakula, yaani kipoza hewa inayoingia kwenye injini, na feni yake. Gari likipanda taratibu na mzigo, upepo wa mwendo hautoshi kuipoza intakula. Feni ikigoma, hewa inaingia ya moto na nguvu zinapungua.

Hapo ndipo ninapowapa kongole mafundi umeme wa Moshono, Arusha. Fundi mzuri hakimbilii kukuambia ununue feni mpya. Anasikiliza rilei kama inalia, anakagua fyuzi, kisha anachomoa soketi ya feni na kuunga balbu kuukuu ya taa kubwa, ya wati 55. Testa ndogo huwaka hata waya ukibakiwa na uzi mmoja. Balbu hiyo inakula karibu ampea 5, hivyo waya mbovu haujifichi: mwanga unafifia palepale. Basi anafuata ethi, anafungua nati, anakwangua kutu na rangi, anakaza upya. Feni ikizunguka bila kupoza, anaisogezea karatasi: waya zikigeuzwa, hewa inakwenda upande usiotakiwa. Anazibadilisha, na anakutoza kazi hiyo tu.