Maonyo ya Gari la Umeme: Uhakiki wa Tafsiri

Miezi michache iliyopita nililetewa mezani, ili nikikague kwa upande wa istilahi, kijitabu kilichofasiri kwa Kiswahili maonyo yanayotokea kwenye dashibodi za magari ya umeme. Kimekusudiwa wenye magari yaliyokwisha kutumika, kama vile Nissan Leaf, aina iliyoanza kuuzwa Japani na Marekani mwezi wa Desemba 2010. Magari ya namna hiyo yatokapo Japani aghalabu huja na maandishi ya Kijapani, na dereva wetu hubaki akikodolea macho taa asiyoijua. Kwa hiyo kazi hii ilihitajika, na aliyeifanya astahili shukrani. Jina lake silitaji, kwani shabaha ya uhakiki huu ni maneno.

Niseme mapema kwamba mfasiri hakuogopa maneno ya karakana. Ametumia fyuzi, chaji, mota na volti bila haya, naye amefanya vyema. Maneno hayo yamekwisha kuwa yetu, na mtu anayeyakwepa kwa kuunda mapya humpa fundi kazi ya kufasiri mara ya pili. Upungufu umo mahali pengine. Maneno mengi ya kijitabu hiki, ukiyasoma peke yake, ni Kiswahili safi. Lakini ukiyaweka mbele ya dereva aliyekwama njiani yanamwelekeza pasipo.

Chukua neno betri. Gari la umeme lina betri mbili. Moja ni ile kubwa iliyolazwa chini ya sakafu, yenye volti mia tatu na zaidi katika magari mengi, ambayo huendesha mota. Nyingine ni betri ndogo ya volti 12, ya jamii ile ile tuliyoizoea katika magari ya petroli. Hii ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta za gari na kufunga swichi zinazouruhusu umeme wa betri kubwa utoke. Ikifa, betri kubwa hata ikijaa pomoni haina njia ya kutoka. Ni ghala iliyojaa nafaka na ufunguo umepotea. Kijitabu kinaandika “Betri dhaifu” kwa zote mbili.

Dereva mmoja wa teksi, jirani yangu hapa Dar es Salaam, aliuona ujumbe huo jioni. Akafanya kama mtu yeyote mwenye akili angefanya: alilichomeka gari usiku kucha. Asubuhi halikuwaka. Taa zikametameta, maonyo yakafuatana moja baada ya jingine, ya breki, ya usukani, ya mota, hata akadhani gari zima limekufa, akapoteza siku mbili za kazi. Kilichotakiwa kilikuwa betri ndogo mpya ya dukani. Ujumbe haukuwa wa uongo, ila haukusema ni betri ipi.

Katika ukurasa mmoja tu mfasiri amejaribu kuzitofautisha, akaiita ile ndogo “betri saidizi”. Sikubaliani naye. Msaidizi ni yule ambaye akikosekana kazi huendelea, japo kwa taabu, na hapa kazi haianzi kabisa. Napendekeza tuseme waziwazi betri ya volti 12, kwa kuwa tarakimu hiyo imeandikwa juu yake na kila muuza vipuri anaijua. Na ile kubwa tuiite betri ya mwendo. Wako wenzangu wanaopenda “betri kuu”. Sina ugomvi nao, mradi neno moja lichaguliwe na lifuatwe kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Kosa la pili ni la hatari zaidi. Kijitabu kina ujumbe huu: “Utengano wa umeme umegunduliwa.” Niliwasomea mafundi wawili, nikawauliza wameelewa nini. Wote wawili walijibu kwamba umeme umekatwa, hivyo mtu anaweza kushika nyaya. Maana iliyokusudiwa ni kinyume chake. Katika gari hili ncha zote mbili za betri ya mwendo hutengwa na bodi. Kompyuta hupima ukinzani uliopo kati ya ncha hizo na bodi. Ganda la waya likichubuka, au maji yakiingia kwenye kiungio, ukinzani hushuka na onyo hutokea. Yaani kizuizi kimeharibika, na umeme wa mamia ya volti unatafuta pa kupita. Mfasiri alilitazama jina la ulinzi huo akasahau kwamba habari yenyewe ni kuharibika kwake.

Je, tuseme “shoti”? Hapana, kwani shoti kwa fundi ni nyaya mbili kugusana, na fyuzi kukatika papo hapo. Hapa gari laweza kuendelea kutembea. Msemo uliopo tayari midomoni mwa watu ni umeme unavuja, nao watosha. Ningeandika: “Umeme wa betri ya mwendo unavuja. Usiguse nyaya za rangi ya machungwa. Mwite fundi.” Rangi hiyo ndiyo inayotumika kwa nyaya za volti kubwa katika magari haya. Hata fundi mwenyewe, baada ya kuchomoa plagi ya usalama, hungoja dakika kumi hivi ili umeme uliohifadhiwa ndani ya vifaa upungue kabla hajagusa kitu.

Mengine nayapitia haraka. “Simamisha gari salama” ni amri ya kulisimamisha gari ambalo ni salama; itakiwayo ni “Simamisha gari mahali pa salama.” Neno “kosa” limetumika kila penye hitilafu, hata dereva anaona anashtakiwa. Tena, “onyo” limebebeshwa taa nyekundu na taa ya njano pamoja, ilhali nyekundu humtaka dereva asimame na ya njano humtaka ashughulikie jambo mapema. Nyekundu iitwe hatari, na ya njano tahadhari.

Ile taa yenye mnyama, inayowaka nguvu ya gari inapopunguzwa, imeitwa “taa ya kasa”. Mtu wa pwani atashangaa, maana kasa akiwa majini si mzito hata kidogo. Mwenda pole wa hadithi zetu ni kobe.

Limebaki moja ambalo sijalipatia jawabu la kuniridhisha. Gari la umeme, dereva akiondoa mguu, hutumia mota kupunguza mwendo na kurudisha umeme betrini. Betri ikiwa imejaa, kazi hiyo hupungua. Kijitabu kinaandika “Breki zimepungua.” Hebu mfikirie mtu aliyechaji Lushoto hadi pomoni, ameanza kuteremka kona zile za kwenda Mombo, mara anasoma maneno hayo! Breki zake za kawaida ni nzima. Kwa sasa nimeandika pembeni: “Gari halirudishi umeme kikamilifu. Kanyaga breki kama kawaida.” Ni maelezo marefu mno kwa kioo kidogo, na “breki rejeshi”, niliyoifikiria kwanza, humfanya msomaji adhani breki ndizo zinazorudi. Walimu wa ufundi na wafasiri wenye neno fupi zaidi wanaombwa walilete kabla kamati haijakaa.