Kitabu cha Hamoni na Wimbo wa Bembelezi wa Wapokomo

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halimhusu mwanaisimu, nalo ni kujifunza upatanifu wa sauti, au hamoni kama wasemavyo waimbaji wa kwaya, kwa kusoma kitabu. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kanuni za hamoni hufundishwa kwa namna ileile sarufi ilivyofundishwa zamani, na hasara za ufundishaji huo twazijua sisi wenye kushughulika na lugha. Pili, nchini Kenya uko wimbo mmoja ambamo kitabu na kinywa cha mama vilikutana, na wimbo huo asili yake ni bonde la mto Tana.

Kijiji cha Ozi kiko karibu na mahali ambapo maji ya Tana huingia baharini, upande wa Kipini. Kabla ya mabadiliko ya karne ya 19, Tana na Ozi ilikuwa mito miwili. Ikaunganishwa kwa mfereji mwembamba wa Belezoni, uliochimbwa ili mitumbwi ipite. Mafuriko yakaupanua mfereji huo hata Tana yenyewe ikahamia humo, na mkondo wake mkubwa ukafika baharini kwa njia ya Ozi. Mtoto azaliwaye Ozi leo huona mto. Haoni kazi ya majembe. Ndivyo zilivyo kanuni za hamoni kwa anayezikuta kitabuni: zilichimbwa na watu kwa haja zao, lakini yeye huzikuta zikitiririka kana kwamba ni maumbile.

Kitabu na Amri Zake

Aghalabu kitabu cha hamoni humpa mwanafunzi lahani, au sauti ya besi, kikamtaka ajaze sauti zilizosalia hata zitimie nne. Kisha humwekea masharti. Sauti mbili zisiandamane kwa umbali wa tano: kama moja iko kwenye do na nyingine kwenye so, zisihamie pamoja kwenye re na la. Ti ipande kwenda do. Katika ngazi ya mina, so igeuzwe kuwa se ili iivute la. Wimbo nao ukomee mahali pa kutua palipoandaliwa.

Kila sharti lina sababu yake. Hilo la umbali wa tano, mathalani, lakusudia kulinda uhuru wa sauti, kwa maana sauti mbili zikiandamana hivyo humezana, na sikio huzihesabu kuwa moja. Hiyo ni hoja njema kwa mtunzi atakaye sauti nne zilizo huru, kama alivyotaka J. S. Bach alipozipangia sauti tenzi za kanisa la Kilutheri. Kasoro huanza pale kitabu kinaposahau sababu na kubakiza amri.

Historia ya vitabu hivyo yenyewe yatuonya. Ebenezer Prout alipotoa Harmony: Its Theory and Practice mwaka 1889, aliegemea nadharia ya Alfred Day, iliyotaka kuonyesha kwamba miungano ya sauti hutokana na sauti ndogondogo zilizomo ndani ya kila sauti kwa maumbile. Alipokiandika upya kitabu hicho mwaka 1901, aliuacha msingi huo kwa sehemu kubwa. Masharti yakabaki, lakini nguzo iliyoyashikilia ikaondolewa. Walter Piston, katika kitabu chake cha mwaka 1941, alikiri waziwazi kwamba nadharia hufuata utendaji, na kwamba alichokieleza ni desturi ya watunzi wa Ulaya wa karne ya 18 na ya 19. Yaani kitabu cha hamoni ni sarufi ya lugha moja ya muziki. Kinaeleza wasemaji wake walisemaje. Hakiamui wengine waseme vipi.

Wenye kufundisha lugha hawataona ugeni katika jambo hili. Krapf mwaka 1850 na Steere mwaka 1870 walikijia Kiswahili wakiwa wamelelewa katika sarufi za Ulaya, lakini ngeli za nomino hazikukubali kuingia katika visanduku vya jinsia ya kike na ya kiume. Ilibidi sarufi ikubali lugha ilivyo. Ufundishaji wa hamoni katika shule zetu bado haujafikia ukubali huo.

Wimbo wa Bembelezi na Sauti Nne

Sasa tuutazame wimbo wenyewe. Mwaka 1963 halmashauri ya watu watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa la Kenya. Hyslop wasomi wa fasihi wamjua pia kwa tamthilia zake, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Lahani waliyoichagua ilitokana na wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mtoto, na anayetajwa kuwa aliwapa wimbo huo ni Mzee Meza Morowa Galana. Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963, lahani hiyo ilikuwa wimbo wa taifa.

Uamuzi huo ulikuwa wa kijasiri. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilichukua lahani ya Enoch Sontonga ya mwaka 1897, ambayo tangu kuzaliwa kwake ilikuwa wimbo wa kwaya uliotungwa na mwalimu wa shule ya misheni. Wakenya walichukua wimbo usiopata kuwa na sauti ya pili, wakaupa sauti nyingine. Umefaulu: umati huuimba bila shida, na wengi huuona kuwa mzito wenye heshima.

Hata hivyo mhakiki hana budi kuuliza kilichobadilika. Wimbo wa bembelezi hauna mwisho wake wenyewe; huisha mtoto alalapo. Mama huurudia, huupunguza mwendo, huushusha sauti kwa kadiri ya kilio. Kitabu, kwa upande wake, hudai mahali pa kutua, na wimbo wa taifa hauwezi kungoja mtu asinzie. Basi lahani iliyozunguka ikafanywa lahani inayofika. Aidha, ni wimbo wa ngazi ya mina, na mwenye kuupangia sauti kwa kufuata kitabu hutia se penye haja ya kutua. Je, sikio la Mpokomo liliihitaji se hiyo? Swali hilo haliwatii dosari watunzi wale, waliokuwa na kazi mahususi ya kufanya. Dosari ni ya mwalimu anayeutumia wimbo huo darasani kuthibitisha kanuni, wala asiwaambie wanafunzi kwamba hapo kuna swali.

Suala la Lugha

Kuandamana kwa sauti kunakokatazwa na kitabu si uzembe wa waimbaji. Nketia, katika The Music of Africa cha mwaka 1974, ameeleza kwamba jamii nyingi za Afrika huimba sauti zikiandamana, baadhi kwa umbali wa tatu, nyingine kwa wa nne au wa tano. Katika lugha zenye toni, kama Kiganda, jambo hili lina maana ya pekee: sauti ya pili ikishuka pale ya kwanza inapopanda, neno laweza kupotoka masikioni. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni, bali kina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Hivyo huturuhusu kuzitenganisha sauti, ila hutudai tusiweke silabi dhaifu penye pigo zito. Sharti hilo kitabu cha Kiingereza hakiwezi kulifundisha, kwa kuwa mkazo wa Kiingereza hauna makao maalumu.

Hitimisho

Hatusemi kitabu kitupwe. Mwanafunzi wa Ozi asiyejua hamoni hataweza kusoma alichoandika Bach, wala kupima walichofanya watu watano wale. Twasema kitabu kisianze. Kwanza mwanafunzi aende kwa waimbaji wa kwao, asikilize mtu wa pili anavyojiunga na wa kwanza, aandike alichokisikia, kisha afungue kitabu na kulinganisha. Akikuta sauti zimeandamana kwa umbali wa tano, asiandike kwamba bibi yake amekosea. Aandike kwamba amekuta kanuni nyingine, naye aitafute sababu yake. Mwalimu naye, anaposahihisha, atenganishe kosa la desturi ya Ulaya na kosa la sikio. Kazi hiyo ni ya idara za muziki na za lugha kwa pamoja. Belezoni bado ni njia njema ya kufikia bahari, ila mwenye kuipita ajue kwamba ni mfereji.