Kipo, Hakipo

Asubuhi, kabla milango ya maktaba haijafunguliwa, kuna kazi inayofanyika kimya kimya ambayo msomaji hana nafasi ya kuiona. Mtu husimama mbele ya rafu, kichwa amekiinamisha bega la kulia, kidole cha shahada kinapita mgongo wa kitabu kimoja baada ya kingine, midomo inachezacheza kama ya anayevuta uradi. Anasoma rafu. Vitabu vyenyewe hajavifungua. Anasoma namba zilizobandikwa migongoni. 896.3923, 896.3923, 896.3923, 896.3921. Kidole kinasimama. Anakichomoa kile cha nne, anakirudisha rafu ya juu kwenye wenzake, anaendelea.

Niliwahi kukaa pembeni nikiitazama kazi hiyo mpaka mwisho wa safu. Kitabu kile kilikuwa diwani ya mashairi iliyojichomeka katikati ya riwaya. Hakikuibwa, hakikuchanika, kilikuwa ndani ya nyumba ile ile. Lakini kwa mtu ambaye angekuja saa nne kukitafuta, hakipo. Mhudumu wa zamu angemwambia kwa moyo mweupe kwamba hakipo, na mtu yule angeondoka akiamini. Ukutubi wote umejengwa juu ya pengo hilo, kati ya kitu kuwepo na kitu kuonekana.

Mkutubi, kitabu, maktaba na katibu ni maneno ya mzizi mmoja, tuliyoyapokea kutoka Kiarabu. Katibu tunamheshimu sana na kiti chake kinagombewa. Mkutubi tunamchukulia kama mlinzi wa vitabu, mtu wa kusema "nyamazeni" na kugonga mhuri. Ni kwa sababu kazi yake ikifanyika vizuri haiachi alama. Msomaji anafika, ananyoosha mkono, anakipata. Hana habari kwamba mkono wake uliongozwa.

Tuitazame ile namba kwa karibu. Melvil Dewey, Mmarekani, alichapisha mfumo wake mwaka 1876, akigawa maarifa yote mafungu kumi ya mia mia. Fasihi ilipewa 800. Fasihi ya Marekani ikachukua 810 peke yake, ya Uingereza 820. Lugha nyingi za Afrika zilikusanywa pamoja kwenye 896, na humo ndani fasihi ya Kiswahili ikapata 896.392. Ukiongeza 1 mwishoni ni ushairi, 2 ni tamthilia, 3 ni hadithi na riwaya. Ndiyo maana lebo za vitabu vyetu ni ndefu, na ndiyo maana tarakimu moja tu ya mwisho hutenganisha tenzi na riwaya za mpelelezi Bwana Msa. Anayeanza kazi hujikwaa hapo mapema. Huiona 896.3923 akadhani ni kubwa kuliko 896.4, kwa kuwa 3923 inaizidi 4. Desimali haihesabiwi kama shilingi. Inasomwa tarakimu moja moja kutoka kwenye nukta, na jicho huchukua muda kuzoea.

Ukishaizoea namba, yanakuja majina, na hapo ndipo mkutubi wa Kiswahili anapofanya kazi ambayo hakuna mgeni anayeweza kumfanyia. Chukua waandishi watatu wa Visiwani: Muhammed Said Abdulla, Mohamed Suleiman Mohamed, Said Ahmed Mohamed. Wa kwanza ndiye aliyetupa *Mzimu wa Watu wa Kale*, wa pili *Kiu* na *Nyota ya Rehema*, wa tatu *Utengano*. Ukiwapanga kwa jina la mwisho, wawili wanapewa herufi zile zile, MOH, na mmoja ABD. Huyo wa ABD huandikwa Abdulla, bila h mwishoni, kwa hiyo kijana anayeandika "Abdallah" kwenye kompyuta anajibiwa kwamba hakuna kitu. Naye Shaaban Robert? Utaratibu wa kigeni unapenda jina la mwisho litangulie, lakini sijawahi kumsikia Mswahili akiuliza, "Mna vitabu vya Robert?" Tunamtafuta kwa Shaaban.

Mkutubi hodari huamua umbo moja la jina na kulishikilia katika vitabu vyote vya mwandishi huyo, kisha maumbo mengine yote huyawekea kielekezi: tazama fulani. Zamani kielekezi hicho kiliandikwa kwenye kadi ngumu, ikatiwa kwenye droo ya mbao. Leo kimo ndani ya kompyuta na msomaji hakioni. Neno hilo moja, "tazama", ni mkono ulionyooshwa kwa mtu ambaye mwandikaji hatamjua maisha yake yote, mtu atakayekuja na tahajia yake mwenyewe, hata miaka ishirini baadaye, akapokewa bila kusahihishwa mbele ya watu.

Kompyuta yenyewe haikuifuta kazi hii. Tangu miaka ya 1960, Henriette Avram, mtaalamu wa kompyuta katika Maktaba ya Bunge la Marekani, alipoongoza kazi ya kubuni utaratibu wa kuandika taarifa za vitabu ili mashine izisome, wakutubi duniani wamekuwa wakijaza sehemu zilezile: 100 kwa jina la mwandishi, 245 kwa jina la kitabu, 650 kwa mada. Maktaba nyingi za vyuo vyetu sasa zinatumia programu ya Koha, iliyoanzishwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba ya umma ya huko. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, na kweli haiuzwi.

Lakini tazama sehemu ya 650. Mada za humo hutoka kwenye orodha rasmi, na orodha zinazotumika zaidi ni za Kiingereza. Kitabu cha unyago kinaingizwa chini ya maneno ya Kiingereza kuhusu sherehe za kuingia utu uzima. Mwanafunzi anaandika "unyago", mashine inanyamaza. Kitabu kipo, hakipo. Mkutubi anayejua wasomaji wake hushuka hadi sehemu ya 653, inayoruhusu maneno huru, akaandika: unyago, somo, kungwi, mwali. Maneno manne, nusu dakika. Hakuna anayempima kwa nusu dakika hiyo, wala hailipwi zaidi, na anaweza kuiruka bila kuulizwa na mtu. Naipenda kazi hii kwa sababu wapo wasioiruka.

Wapo pia waliofika mbali zaidi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inatunza miswada ya Kiswahili iliyokusanywa na J.W.T. Allen, mingi yake ni tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Mswada wa namna hiyo hauna jalada wala ukurasa wa jina. Hati yenyewe, kwa desturi ya zamani, haikutenganisha i na e, wala u na o, hata "pita" na "peta" huweza kuandikwa sawasawa. Anayeuorodhesha hana budi kuusoma kwa lugha iliyomo kichwani mwake, apime mizani na vina, atambue mshairi anapojitaja beti za mwisho, ndipo aupe jina litakalotafutika. Hapo mkutubi ni msomi kamili, ingawa jina lake halitakuwa kwenye jalada lolote.

Sasa tutoke nyuma ya rafu, tuje kaunta. Siku moja, katika maktaba ya umma ya mkoani, nilikuwa kwenye foleni nyuma ya kijana aliyevaa shati la kazi lenye vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikusaidie nini?"

"Naomba kitabu cha sheria."

Mkutubi yule angeweza kumwonyesha rafu ya 340 kwa kidole, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alishusha sauti. "Sheria ziko nyingi, mwanangu. Unasoma chuo, au kuna jambo nyumbani?"

Kijana alisita. "Ni shamba la bibi."

"Lipo mjini au kijijini?"

"Kijijini."

"Mnataka hati, au kuna mtu mnagombana naye?"

"Jirani amesogeza mpaka."

Maswali matatu. Kwa maswali hayo alimtoa kwenye rafu nzima akamfikisha kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, si ile Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka huohuo, ambayo mtu yeyote angeivamia kwanza kwa jina lake. Akamwongezea sheria ya mwaka 2002 inayoeleza mabaraza ya ardhi, kuanzia lile la kijiji. Akamfungulia ukurasa wa yaliyomo, akampa karatasi na kalamu. Kijana alipouliza, "Kwa hiyo tutashinda?" alimjibu, "Mimi si mwanasheria. Mimi nakuonyesha palipoandikwa. Ya kushauriwa, nenda kwa wa msaada wa kisheria." Hakuuliza jina la kijiji wala la jirani. Alijua mipaka ya swali lake na mipaka ya jibu lake, na ustadi wote wa kaunta umo katika mipaka hiyo miwili.

Kuchagua vitabu nako ni ufundi. Kaskazini-mashariki ya Kenya, mwaka 1996, huduma ya maktaba za taifa ilianza kuwafikia wafugaji wa Garissa kwa ngamia: mmoja akibeba masanduku ya vitabu, mwingine hema. Picha zake zimezunguka dunia, na watu huwatazama ngamia. Mimi humfikiria aliyejaza sanduku usiku wa kuamkia safari. Nafasi ni ndogo, kurudi si kesho, na kila kitabu kisichosomwa kimechukua nafasi ya kile ambacho kingesomwa. Inabidi awajue watoto wa kule kabla ya kuwafikia.

Huduma za vyuo vikuu zimebadilika zaidi. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, iliyofunguliwa Novemba 2018, ilijengwa ichukue maelfu ya wasomaji kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi ya mkutubi wa chuo leo haipo kwenye vitabu hivyo. Yumo darasani akifundisha kutafuta makala, anapokea tasnifu na kuzipandisha kwenye hazina ya kidijitali, anamweleza mhadhiri kijana tofauti ya jarida la kweli na jarida la kuvuna pesa.

Na imezuka kazi mpya kabisa. Mwanafunzi anakuja na orodha ya marejeo aliyopewa na programu ya akili bandia. Orodha inapendeza: majina, miaka, juzuu, kurasa. Anaomba makala ya tatu. Mkutubi anafungua tovuti ya jarida, anatafuta juzuu, anafungua yaliyomo, anashuka hadi ukurasa uliotajwa, anakuta katikati ya makala ya mtu mwingine inayohusu jambo jingine. Anajaribu kwa jina la mwandishi. Anajaribu kwa jina la makala. Mwandishi yupo, jarida lipo, mwaka upo. Makala haipo. Tumewahi kusumbuliwa na wafanyakazi hewa. Haya ni marejeo hewa.

Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilikumbuka ile diwani iliyopotea rafuni. Kule kuna kitu kilichopo kisichoonekana. Huku kuna kitu kinachoonekana kisichokuwepo. Aliyesimama katikati, mwenye subira ya kufuata kila kimoja mpaka mwisho wake, ni mtu yuleyule, na kidole chake ni kilekile.

Mtu huyo haoti kama uyoga. Mwaka 1963 Tanganyika ilitunga sheria ya kuanzisha huduma za maktaba, na mwaka huohuo shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Makerere. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Nchi changa, yenye mahitaji chungu nzima, iliona kwamba jengo na mtu wa kulihudumia vinakwenda pamoja. Leo wakutubi wanafunzwa Bagamoyo, Mlimani, Eldoret na kwingineko. Lakini bado tunazo shule nyingi ambako maktaba ni kazi ya ziada ya mwalimu aliyechoka. Mimi mwenyewe nilisoma shule ambayo maktaba yake ilikuwa na ufunguo, haikuwa na mkutubi. Vitabu vilifika vimefungwa kwa kamba, na nilipomaliza kidato cha nne kamba zilikuwa bado hazijakatwa. Vilikuwepo miaka yote minne. Havikuwepo. Anayesema kwamba simu imemaliza haja ya wakutubi hajawahi kuwaona wanafunzi mia saba wakipita nje ya mlango kama ule.

Yote niliyoyaona yanarudi kwenye jibu moja ambalo nimejifunza kulipima. Muulize mkutubi wa kweli kitabu fulani. Atatazama kwenye kompyuta. Ataenda rafuni, na asipokikuta atatazama vitatu vya kulia na vitatu vya kushoto, kisha rafu ya juu na ya chini. Atapita kwenye mkokoteni wa vitabu vilivyorudishwa jana, atachungulia meza za wasomaji, atarudi kwenye orodha ya walioazima. Ndipo atakapokutazama usoni na kukwambia, "Hakipo. Kimeazimwa, kinarudi Alhamisi. Andika jina lako hapa."

Andika. Alhamisi utakikuta.